Hifadhi tumezichora, lakini wanyama wanapita wapi? Uzi wa shoroba zetu Tanzania

Mfuatanyayo:

Wakuu, habari za leo. Naomba tuzungumzie shoroba, yaani mapito ya wanyamapori. Mijadala ya mazingira hapa huishia kwenye ukubwa wa hifadhi na idadi ya tembo, halafu njia wanazopita wanyama hazitajwi kabisa. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie.

Nianze na Tarangire. Nenda Septemba, kiangazi kimekolea, utakuta tembo, nyumbu na punda milia wamejazana kando ya mto mpaka uamini kwamba hapo ndipo kwao mwaka mzima. Rudi Machi. Nyasi zimestawi, maji yapo kila mahali, na nyumbu huwaoni. Wametoka nje ya mpaka. Kuna waliokwenda mashariki, mbuga za Simanjiro, kuzaa. Kuna waliopita Kwakuchinja kuelekea Ziwa Manyara. Majani ya Simanjiro wakati wa masika yana fosforasi na kalisi nyingi kuliko ya ndani ya hifadhi, na jike anayenyonyesha hawezi kufanya bila hivyo. Hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba 2,850 hivi. Eneo wanalolizunguka wanyama wale kwa mwaka linakaribia kilomita za mraba 20,000. Kwa hiyo makazi yao kwa sehemu kubwa ni ardhi ya vijiji: malisho, mashamba, barabara ya lami, senta za biashara.

Sasa ongeza mabadiliko ya tabianchi. Mnyama wa nyika alikuwa na dawa moja ya ukame: kuhama. Mvua ikikosa huku, anakwenda kule. Ukame ukianza kurudi haraka haraka, anahitaji kwenda mbali zaidi na awe na njia zaidi ya moja, na ni kipindi hikihiki ambacho sisi tunafyeka na kulima njia zilizobaki. Nikisema ukataji miti na tabianchi ni tatizo moja namaanisha hapo. Jua linamsukuma atoke, na anakokwenda anakuta kisiki, shamba na nyumba.

Wenzetu Kenya walionja ukame wa namna hiyo 2022. Kati ya Februari na Oktoba mwaka ule shirika lao la wanyamapori lilihesabu mizoga ya tembo 205, nyumbu 512 na punda milia wa kawaida 381, na hiyo ni iliyoonekana tu.

Kwenye makaratasi hatupo vibaya. Kanuni za shoroba zilitoka 2018 chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori. Tathmini ya kitaifa ya 2022 iliorodhesha shoroba 61, na 20 zikapewa kipaumbele. Ila ngoja niwaeleze nilichokiona ardhini.

Asubuhi moja nilikuwa nafuata nyayo na askari wa wanyamapori wa kijiji, sehemu sitaitaja. Tembo kama tisa, na mtoto mmoja ambaye wayo wake unaenea kwenye kiganja changu nikikunjua vidole. Njia ilikuwa pana, imekanyagwa miaka na miaka, ardhi imekuwa ngumu kama sakafu. Tukafika shamba jipya la ufuta. Visiki bado vibichi, vinatoa utomvu. Nyayo zikakoma pale. Kisha zikaanza kuzunguka, kinyesi kingi sehemu moja, inaonekana walisimama muda mrefu gizani. Halafu zikafuata ukingo wa shamba, zikapita shamba la pili, la tatu, zikatokea barabarani kwenye kona ambayo malori hushuka kwa kasi. Yule mwenzangu hakusema kitu. Alichukua jani akapima wayo wa mtoto, akaliweka mfukoni.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Tunalinda eneo, mnyama anaishi kwa safari. Karibuni.

Shambani Kwetu:

Nimesoma yote, na nimeguswa na huyo mtoto wa tembo. Sasa na mimi nisikilizwe. Mimi ni mama, nalima ekari tatu kijiji kinachopakana na pori. Msimu uliopita tembo waliingia saa nane usiku, mahindi yameanza kubeba. Tulipiga madebe, tukawasha moto, tukapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kulipokucha nilikuta mistari minne imesimama. Nilipeleka taarifa kwa mtendaji, nikajaza fomu ya kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama, mtu akaja kupima. Mpaka leo nasubiri. Jirani yangu ameuza eneo lake kwa mtu wa mjini, na huyo wa mjini ndiye aliyefyeka mpaka korongoni. Kwa hiyo ukisema shamba jipya la ufuta, ujue huenda lina historia kama hiyo.

Mfuatanyayo:

Mama, pole sana, na ahsante kwa kuliandika. Ulichosema kuhusu jirani yako kina uzito kuliko nusu ya niliyoandika mimi. Mkulima aliyechoka kulala shambani huuza, na anayenunua hajui njia ilipita wapi wala hana sababu ya kujua.

Kifuta jasho, na kifuta machozi cha aliyejeruhiwa au kufiwa, kwa jinsi kanuni zilivyo, si fidia. Jina lenyewe linasema. Kiwango cha kifuta jasho kinategemea umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi, na kinakuja baada ya hasara. Mimi naamini fedha inayotangulia ndiyo inayookoa ushoroba: kijiji kilipwe kwa sababu njia iko wazi, kila mwaka, mnyama apite asipite. Pale Simanjiro, kijiji cha Terrat kiliingia mkataba wa namna hiyo na kampuni za utalii miaka ya 2000, kwamba malisho yabaki malisho na kilimo kisiingie. Wafugaji wakaendelea kuchunga, nyumbu wakaendelea kuzaa.

Kwa usiku wa leo na kesho, kama hamjajaribu, kuna uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akisukuma waya, mizinga inacheza na nyuki wanatoka. Ngozi yake nene haimsaidii, maana nyuki wanakwenda machoni na ndani ya mkonga. Pembezoni mwa Udzungwa kuna wakulima wanaoutumia, na asali wanauza. Unahitaji mizinga yenye nyuki kweli, mitupu haitishi mtu. Wengine wanaloweka vitambaa kwenye pilipili iliyosagwa na oili chafu wanafunga kwenye kamba, ila hiyo mvua ikinyesha unaanza upya.

Geti Kuu:

Mkuu mbona rahisi, zungusheni hifadhi zote uzio wa umeme, wanyama ndani, watu nje. Kila mtu alale.

Mfuatanyayo:

Ndugu yangu, nyumbu waliofungiwa Tarangire mwaka mzima watapungua bila risasi hata moja kufyatuliwa. Watakula nyasi za kiangazi wakati wa masika, kiangazi kikija hazipo, na ndama watazaliwa mahali pasipo na malisho yanayowafaa. Wakibaki wachache ndani ya boma, wanaanza kuzaana ndugu kwa ndugu. Na mwaka wa ukame hawana pa kwenda.

Uzio sikuukataa kabisa. Unategemea umeelekea wapi. Kilombero, kati ya Milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ushoroba ulikuwa umebaki uzi mwembamba katikati ya miwa na mpunga. Vijiji vilikubali kutoa ardhi, ukawekwa uzio wa umeme kando kando, na kwenye barabara ya Mikumi–Ifakara pakajengwa njia ya tembo chini ya barabara. Uzio pale unamwelekeza mnyama apite na kumlinda mkulima kwa wakati mmoja. Kenya wana ya kwao chini ya barabara ya Nanyuki–Meru, na tembo wanaitumia tangu 2011. Inawezekana, ila ni ghali mno ukilinganisha na kuiacha njia wazi kabla haijazibwa. Tungelinda Kilombero miaka thelathini kabla, tusingehitaji zege.

Iliki:

Mnaongea nyika sana. Mimi nimezaliwa Usambara Mashariki, naomba nilete habari za mlimani, maana huku wanyama wetu ni wadogo na hawana kelele. Chura, kinyonga, ndege wa chini ya miti ambao mtalii hawezi kuwaona.

Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6. Kwa hiyo dunia ikipanda nyuzi moja, ndege anayetaka ubaridi uleule wa zamani anatakiwa kupanda mita 150 au zaidi. Hifadhi yetu ya msitu ya Amani, pale kwenye kituo cha utafiti, ni mita 900 na kidogo. Kilele cha Nilo, hukuhuku kwetu, ni mita 1,500 hivi. Hesabu mwenyewe zimebaki ngazi ngapi. Na mlima unavyopanda ndivyo unavyochongoka, kwa hiyo kila ngazi ina nafasi ndogo kuliko ya chini yake. Watafiti wamekuwa wakinasa ndege kwa nyavu laini na kuwavisha pete kwenye misitu yetu tangu miaka ya 1980, na matokeo ya karibuni yanaonyesha ndege wengi wa chini wamekimbia juu.

Tatizo la pili: anayetaka kwenda juu anakuta mashamba ya chai yamekata msitu vipande. Ukisimama Amani unaona Usambara Magharibi ng'ambo ya bonde la Lwengera, mita zaidi ya 2,000, baridi nzuri. Kwako wewe ni safari ya basi. Kuna ndege wa giza la msituni ambaye hawezi kuvuka hata shamba la wazi la mita mia chache. Hajui kuruka juani.

Mfuatanyayo:

Umenigusa pabaya, maana hata mimi huanza na tembo. Hebu tueleze Derema, ule ushoroba wa msitu huko kwenu.

Iliki:

Jina langu humu limetoka hukohuko. Babu yangu alikuwa na iliki. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo unaacha miti mikubwa unafyeka vichaka vya chini. Kwa juu msitu unaonekana mzima. Ukiingia ndani hakuna miche inayokua kurithi ile miti, na baada ya miaka udongo unachoka, iliki inagoma, watu wanaingiza mahindi au migomba na miti inaangushwa. Derema ndiyo iliyobaki kuunganisha Amani na misitu ya kaskazini. Ikaamuliwa ihifadhiwe, wakulima waache iliki na walipwe fidia. Walilipwa, ila ilichukua miaka, na kuna wazee hawakuridhika mpaka wanaingia kaburini. Babu alikuwa analalamika, na bado alikuwa akitupeleka kuonyesha vyanzo vya maji vilivyorudi nguvu. Yote mawili yalikuwa kweli kwake.

Leo ukipita, miche ya asili imeshanyanyuka kuzidi kichwa. Mashina ya iliki bado yamo humo chini. Ukiponda jani lake bado linanukia.

Mtu wa Usangu:

Naomba kurekebisha kitu. Tusiwe tunatupia kila jambo tabianchi. Mto Ruaha Mkuu haukuwa unakauka. Ulikauka mara ya kwanza 1993 na tangu hapo karibu kila kiangazi unakatika. Viboko wanasongamana kwenye madimbwi mpaka maji yanakuwa uji wa kinyesi. Wakati ule sababu kubwa ilikuwa huku juu Usangu: mifereji ya mpunga, mifugo mingi kwenye kinamasi cha Ihefu, na maji yanayochepushwa kiangazi hata ambapo mashamba hayahitaji. Anayesema ni tabianchi tu anatafuta pa kujificha.

Mfuatanyayo:

Marekebisho nayapokea yote, na mimi nikiri nilivyoandika mwanzo niliyachanganya kirahisi mno. Tabianchi inakuta kidonda kilichokwishafunguka. Mto wenye maji yake hustahimili mwaka mbaya. Mto uliokwisha kunyonywa, mwaka mbaya mmoja unaumaliza. Ndiyo maana naipigania kazi ya hapa nyumbani. Hewa ya ukaa ya dunia hatuimalizi sisi tuliochangia kidogo, ila mfereji usiofungwa Agosti ni wetu.

Na wa kuwakumbuka hapa ni chura wa Kihansi. Mdogo, hafiki hata sentimita tatu, wa manjano, anazaa watoto hai badala ya mayai. Dunia nzima aliishi kwenye hekta chache za majani yanayolowanishwa na rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi. Aligunduliwa 1996 wakati bwawa la umeme linajengwa. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, rasharasha zikakatika. Ikabidi yatengenezwe mabomba ya kunyunyiza ukungu pale korongoni, na chura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Halafu ukaja ugonjwa wa kuvu wa ngozi, na 2009 akatangazwa kutoweka porini. Walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010, na baadaye wakaanza kurejeshwa Kihansi. Nafurahi walirudi, kwa moyo wote. Ila fikiria makazi yanayotegemea mota na bomba lisizibe. Hivyo ndivyo ulinzi unavyokuwa ukichelewa.

Kijana wa Miche:

Kikundi chetu tunapanda miti kila masika. Tukipanda milioni si tutakuwa tumerudisha makazi?

Mfuatanyayo:

Endeleeni kupanda, kijana wangu, lakini angalia mnapanda nini na wapi. Mikaratusi na misonobari ni mazao. Inafaa kwa nguzo na mbao, na inapunguza watu kuingia msitu wa asili, kwa hilo naiunga mkono. Mbega mwekundu wa Udzungwa hali misonobari. Na nchi yetu, kwa takwimu za serikali zenyewe, ilikuwa inapoteza takriban hekta 469,000 za msitu kwa mwaka. Huwezi kuzifukuzia hizo na vitalu vya miche. Hekta moja ya miombo isiyokatwa ina miti, kuvu, mchwa, asali na udongo ambavyo mche wa mwaka wa kwanza hauna.

Mara nyingi hata kupanda huhitaji. Acha visiki vichipue, zuia moto na mifugo miaka michache, miombo inajirudisha yenyewe.

Msukuma wa Ngitili:

Hapo kwenye kuacha ichipue, Shinyanga tulifanya. Wazee wetu walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa masika ili lifunguliwe kiangazi. Miti ilifyekwa sana huko nyuma, kwanza kufukuza mbung'o, kisha pamba, mpaka watu wakaita mkoa wetu jangwa. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza 1986, na ujanja wake ni kwamba haukuleta jina jipya. Uliwaambia watu rudisheni ngitili zenu. Mwanzo zilikuwa zimebaki hekta 600 tu zilizorekodiwa, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Fisi wakarudi, digidigi wakarudi, na ndege ndio usiseme. Kubwa ni kwamba kila ngitili ina mwenyewe, ama wa familia ama wa kijiji, na sungusungu wanalinda. Isiyo na mwenyewe haimalizi mwaka.

Mfuatanyayo:

Mkuu, hiyo sentensi ya mwisho naomba kila mtu aisome mara mbili. Wahadzabe wa Yaeda Chini walipewa hati ya kimila ya pamoja ya ardhi yao 2011, na wanalipwa kwa hewa ukaa kwa sababu msitu wao haukatwi. Kilosa kuna vijiji vinavyochoma mkaa kwa mpango: msitu unagawanywa vipande vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti, unakata kimoja unaruka kinachofuata, na kipande kilichokatwa kinapumzika miaka 24. Visiki vinachipua, na ushuru unabaki kijijini. Mkaa tusidanganyane, miji inapikia mkaa na itaendelea kwa muda. Bora utoke kwenye kipande kinachojulikana kuliko kwenye ushoroba usiku.

Mwana wa Kijiji:

Nimekuwa nasoma kimya siku nne. Jumamosi tuna mkutano mkuu wa kijiji, ajenda ni mpango wa matumizi bora ya ardhi. Wapimaji wamekuja na ramani ina mstari wa ushoroba, umenyooka kama rula. Nafanyaje?

Mfuatanyayo:

Tembo hapiti kwenye rula. Kabla ya Jumamosi chukua wazee wawili wanaochunga au waliowahi kurina asali, na mtu mwenye simu yenye ramani. Tembeeni njia yenyewe. Wekeni alama mahali wanapolamba chumvi, mikwaju, mahali pa kuvukia korongo. Andikeni pia mashamba yaliyomo na majina ya wenyewe, kwa sababu hao ndio watakaosimama kupinga, na wana haki ya kusikilizwa kwanza, hata kabla ya wapimaji. Uliza mkutanoni nani atalipwa nini na lini, iandikwe kwenye muhtasari. Mwenye shamba ndani ya njia apewe eneo mbadala lenye udongo unaofanana, asiahidiwe tu.

Shambani Kwetu:

Na wanawake muwaulize. Sisi ndio tunaokwenda kuni na maji, tunajua walikopita jana.

Mwana wa Kijiji:

Nimerudi. Tulitembea Alhamisi, watu saba, akina mama watatu. Njia haipo kwenye mstari wa ramani. Iko kama mita 400 magharibi, inazunguka kilima na kushukia kwenye mkuyu ambapo korongo lina kingo za chini. Mmoja wa akina mama alituonyesha mti tembo wanapojikunia, gome limelainika mpaka juu ya kichwa changu, na matope makavu bado yamegandia.

Mkutano ulianza saa nne mpaka saa kumi. Wapimaji wamekubali kusogeza mstari. Mashamba matano yamo ndani. Wanne wamekubali kuhamishiwa upande wa bwawa kama eneo litapimwa kabla ya msimu wa kulima. Wa tano amekataa, kaburi la mama yake liko pale. Tumeamua njia ipite chini ya shamba lake, abaki na nusu ya juu, na kamati ya ardhi inarudi naye Jumatano kuonyeshana mpaka. Nitaleta picha ya vigingi vikishawekwa.